Kifurushi cha kinga cha laki na themanini: kilichonifaa ni kile cha bei chee

Nianze na nyota ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: tatu kati ya tano. Mbili ni za mtaalamu wa lishe peke yake. Ya tatu wagawane nesi aliyenipima kiuno na kijana wa maabara ambaye sindano yake hata sikuisikia. Mbili zilizokatwa ni za vitamini D: kipimo chake, bango lake ukutani na chupa yake pale dirisha la dawa. Jina la kituo silitaji. Vifurushi vya namna hii sasa viko kila kona ya Dar es Salaam, vinafanana bei na maneno, na ninayoyasema hapa yatakufaa popote utakapoingia.

Kinachouzwa ni hiki. Mlangoni kuna bango la kukuambia uimarishe kinga yako dhidi ya virusi, lina picha ya jua, chungwa lililokatwa na familia inayocheka meno yote nje. Kwa shilingi 180,000 unapata kipimo cha vitamini D, sukari ya miezi mitatu (yaani wastani wa sukari kwenye damu kwa muda huo), mafuta ya damu, presha, uzito, kiuno, na kikao na mtu wa lishe. Majibu yanatoka siku hiyo hiyo isipokuwa ya vitamini D, hayo unarudi kuyafuata.

Mimi nauza vitambaa Kariakoo. Duka lenyewe liko ndani kabisa ya ghorofa, nyuma ya maduka mengine, taa zinawashwa asubuhi na kuzimwa tunapofunga. Jua nalionea kwenye daladala, tena kupitia kioo, na nikishuka nimevaa baibui. Mafua hayanipiti. Mteja akiingia na mtoto anayekohoa, akamshika mkono akapapasa nao majora yote, mimi ujue wiki hiyo nimekwisha. Mama yangu alikuwa na kisukari, na dada yangu mkubwa anacho. Kwa hiyo bango lile lilinigusa pale pale walipotaka liniguse.

Sasa, mtu wa Kariakoo huwezi kumuuzia vitu saba kwa bei moja bila kuulizwa kila kimoja kinasimama shilingi ngapi. Nilimuuliza binti wa mapokezi. Akacheka, "Mama, kifurushi hakivunjwi." Nikamwambia mwanangu, hakuna kisichovunjwa, nionyeshe tu karatasi ya bei. Akaitoa chini ya kaunta. Vitamini D peke yake shilingi 95,000. Sukari ya miezi mitatu 30,000. Mafuta ya damu 35,000. Mtu wa lishe 20,000. Presha, uzito na kiuno vimeandikwa "bure". Yaani zaidi ya nusu ya hela yako inakwenda kwenye kipimo kimoja, na hicho ndicho chenye picha ya jua mlangoni. Likae hilo akilini, maana hukumu yangu yote inasimama juu yake.

Huduma yenyewe sina neno nayo. Viti safi, maji ya kunywa yapo, choo kina sabuni, malipo kwa lipa namba bila usumbufu. Wenye kadi za bima walikuwa wanarudishwa, kifurushi hiki ni cha fedha mkononi tu. Foleni ilikwenda.

Nimsifie nesi. Alikuwa mama wa makamo, kimya kimya, akatoa futi ya fundi cherehani, ile ya njano tunayoiuza kwa kadi. Mimi futi nazijua. Nikaona kile kibati cha mwanzoni kimeng'oka na sentimita mbili za kwanza zimechakaa hazisomeki. Kabla sijafungua mdomo, akaishika kwenye namba kumi, akaizungusha katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, juu kidogo ya kitovu, akaniambia nitoe pumzi niache, nisijikaze. Akasoma 107, akatoa kumi, akaandika 97. "Mama, hapo kwa mwanamke tunataka chini ya 80." Hakuongeza neno. Fundi wangu angekuwa ameshaanza mzaha. Kile kipimo cha bure, cha futi iliyokatika, ndicho kilichosema ukweli mkubwa kuliko vyote nilivyolipia, na nitafika huko.

Majibu yalipokuja ndipo uchuuzi ulipoonekana. Kwenye chumba cha kusubiria kuna bango la vitamini D lenye rangi tatu: nyekundu chini ya 50, njano 50 mpaka 75, kijani kuanzia 75. Karatasi ya majibu yangu inasema 19. Mkaka aliyekaa pembeni yangu, kijana kabisa, fundi simu, alikuwa na 31, na uso umemshuka, anauliza kama atapona. Tatizo ni kwamba bango limeandikwa kwa nanomoli kwa lita na maabara inatoa majibu kwa nanogramu kwa mililita. Ukitaka kutoka kwenye ya pili kwenda ya kwanza unazidisha kwa 2.5. Yangu 19 inakuwa kama 47, nimekosa hamsini kwa uchache. Yake 31 inakuwa zaidi ya 77, kijana yuko kwenye kijani anapepea! Nilimwambia, akaenda kuuliza dirishani, akarudi na chupa. Wameshamuuzia. Kwamba bango limewekwa makusudi siwezi kuapa, ila vizio viwili tofauti kwenye ukuta mmoja na dirisha la dawa hatua tano mbele, mwenyewe niko kwenye biashara, naelewa.

Chupa yenyewe: vidonge sitini vya yuniti 5,000, shilingi 65,000, kimoja kila siku. Mimi nilisema ngoja kwanza, nikampigia binti wa kaka yangu anayesomea ufamasia Muhimbili. Huyu mtoto nikimuuliza kitu hanijibu kwa mkato, ananitumia ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine mpaka bando linaisha. Mengi yanayofuata nimeyapata kwake, na mengine nimeyasoma mwenyewe usiku duka likiwa limefungwa.

Vitamini D si uzushi, tuliweke hilo sawa. Ngozi ikipigwa na jua kali inaitengeneza yenyewe, ini linaibadilisha, figo zinaimalizia, na kazi yake ya kwanza ni kuufanya mwili uchukue kalsiamu ya chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Chembe za kinga nazo zina mahali pa kuipokea, na zikiipata zinatoa protini ya kuharibu vijidudu. Hapo ndipo maneno ya kinga yalipoanzia, si hewani. Mwanga unaofanya kazi hiyo haupiti kwenye kioo, kwa hiyo jua langu la daladala halihesabiki. Ngozi nyeusi inataka muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Na mtu mwenye mafuta mengi mwilini, vitamini yake inajificha humo humo kwenye mafuta, damu ikipimwa inaonekana chache. Mimi yote matatu ninayo.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ambao ulinifanya nisimame. Walipima Wamasai na Wahadzabe sitini hapa hapa Tanzania, watu wanaoishi nje, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115. Yangu 47. Nchi moja, jua moja, tofauti ni dari ya duka. Kwa hiyo mtu akikuambia Mwafrika hawezi kupungukiwa vitamini D kwa sababu jua lipo, mwambie lipo nje.

Lakini bango la mlangoni halikuahidi mifupa. Liliahidi virusi. Hapo ndipo binti wa kaka yangu alipoanza kunivunja moyo kwa utaratibu. Mwaka 2017 majaribio 25 yenye watu karibu 11,000 yalijumlishwa pamoja, ikaonekana vitamini D inapunguza kidogo mafua na maambukizi ya kifua, hasa kwa waliokuwa na upungufu mkubwa kabisa, chini ya 25 kwa vizio vya lile bango, na waliokuwa wanakunywa kila siku au kila wiki, si dozi moja nzito. Wauzaji wengi walisimama hapo hapo, na maneno yao hayajabadilika tangu siku hiyo. Majaribio yaliendelea. Uingereza, wakati wa Uviko-19, walichukua watu wazima zaidi ya 6,000, wengine wakapimwa na waliopungukiwa wakapewa vidonge, wengine wakaachwa waendelee na maisha yao. Hakukuwa na tofauti ya maana, si kwenye korona, si kwenye mafua mengine. Norway waliwapa watu mafuta ya ini la samaki kila siku, washiriki zaidi ya 34,000, majibu yale yale. Jumla mpya ya mwaka 2025, majaribio 46 na watu zaidi ya 60,000, ile faida ndogo ya mwanzo imepungua mpaka huwezi kuitofautisha na bahati.

Na kuna la hapa hapa mjini. Watu 4,000 wanaoishi na VVU wa Dar es Salaam, wakianza dawa za kufubaza, wote kipimo chao cha vitamini D kikiwa chini ya 30 kwa nanogramu, waligawanywa, nusu wakapewa vitamini D na nusu vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Vifo havikupungua, kifua kikuu hakikupungua. Kwa hiyo si suala la kusema hayo ni ya Wazungu na baridi lao. Limejaribiwa kwa watu wetu, tena wenye kinga dhaifu na upungufu uliopimwa, tena kwa dozi ya maana.

Binti akamalizia: "Shangazi, hiyo ya 5,000 usinywe." Kiwango cha juu cha kunywa kila siku kwa mtu mzima bila usimamizi wa daktari kinahesabiwa yuniti 4,000. Mtu mzima wa kawaida anahitaji 600 kwa siku, akivuka miaka 70 anahitaji 800. Ukizidisha kwa muda mrefu kalsiamu inapanda kwenye damu, unaanza kiu, kichefuchefu, kwenda haja ndogo kila saa, na mawe kwenye figo. Kidonge kimoja cha 5,000 hakikuui, lakini kwa nini nilipie 65,000 kununua zaidi ya kipimo?

Halafu kuna hili la kipimo chenyewe cha 95,000. Madaktari wa homoni wa Endocrine Society ya Marekani walitoa mwongozo mwaka 2024, wakasema mtu mzima mwenye afya hana haja ya kupimwa vitamini D kwa mazoea. Walitaja makundi ambayo yanaweza kunywa, wakiwemo wajawazito, wazee wa miaka 75 na kuendelea, na watu ambao sukari yao imeanza kupanda na wako hatarini kuingia kwenye kisukari. Na hata hao wakasema wanywe tu, bila kupimwa. Mimi nimo kwenye hilo kundi la mwisho, kama utakavyoona. Kwa hiyo vidonge ninavyo, vya yuniti 1,000, nimenunua famasi ya kawaida kwa bei isiyofika robo ya ile chupa. Nanywa kwa ajili ya mifupa na sukari. Kwa ajili ya mafua sinywi.

Sasa nigeuke upande wa pili wa karatasi, ule ambao hakuna aliyeuwekea bango.

Sukari ya miezi mitatu: 6.1. Chini ya 5.7 ni salama, 6.5 kwenda juu ni kisukari, nami niko katikati, njiani kabisa alikopita dada yangu. Mafuta ya damu, yale yanayopanda kwa wanga na sukari, yako juu. Presha 138 kwa 86. Kiuno 97. Daktari aliyesoma majibu alitumia muda wake mwingi kwenye ile 19. Hii 6.1 aliipitia kwa "punguza sukari mama" akafunga faili. Hapo ndipo nilipokasirika, na kama kuna mhusika wa kituo anasoma, hili ndilo la kurekebisha kabla ya bango.

Kwa sababu ukitaka kuongea na mtu kuhusu virusi, ongea naye kuhusu kiuno na sukari. Ile korona ilituonyesha. England, miezi ya mwanzo ya mwaka 2020, mmoja kati ya kila watatu waliofia hospitalini na Uviko-19 alikuwa na kisukari. Sukari ikikaa juu, chembe nyeupe za damu zinalegea, hazikimbilii kidonda wala kirusi inavyotakiwa. Na mafuta ya tumbo hayakai tu kukuharibia gauni, yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika mwasho mdogo usioisha. Ni sawa na mlinzi wa ghorofa anayepiga filimbi usiku kucha kwa kila paka. Siku mwizi anapoingia kweli, nani ataamka? Managua, Nicaragua, walifuatilia familia zilizopata mafua makali, wakakuta watu wazima wanene wenye dalili wanaendelea kutoa virusi kwa muda mrefu kuliko wembamba, karibu asilimia 42 zaidi. Maana yake si wewe tu unayeumia. Na mwanao unayelala naye chumba kimoja yumo.

Hii habari ilitakiwa iwe ndiyo bango. Labda haiuziki kwenye chupa, ndiyo maana.

Tufike kwa mtaalamu wa lishe, nyota zangu mbili. Kijana mdogo, shati limekunjwa mikono, ofisi yake ina meza na mzani wa jikoni basi. Alinisalimia shikamoo, akakaa, akaniuliza, "Mama, jana ulikula nini? Usiniambie unachokula siku zote, niambie jana." Swali dogo hilo lakini nimekaa nalo mpaka leo, maana la siku zote ningemdanganya bila kujua. Jana haidanganyiki. Asubuhi chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, na chapati mbili za yule dada wa kona. Saa nne soda, kwa sababu wateja walikuwa wengi sikukaa. Mchana wali na maharage wa mama ntilie, mchicha ukiwa umewekwa pembeni ya sahani kwa heshima tu. Jioni chipsi kavu nikiwa njiani, nyumbani ugali na mchuzi wa nyama. Matunda? Hamna. Samaki? Ijumaa.

Hakushtuka wala hakunitajia mbegu za nchi za watu. Akachukua karatasi, akachora sahani ya mama ntilie, akaigawa. Nusu mboga za majani, robo wali, robo maharage. Akasema mwambie mama ntilie akuzidishie mchicha akupunguzie wali, bei ile ile, hatakataa. Hakukataa, alishangaa tu. Sukari ya chai tukaanza kuivua kijiko kimoja kimoja, na soda ya saa nne ikafutwa siku hiyo hiyo, hiyo hakuniachia mjadala. Chapati moja na yai, badala ya chapati mbili. Ugali wa dona badala ya sembe, jioni, na nusu ya ule ninaousonga.

Samaki ndipo tulipoongea sana. Vitamini D ya chakula iko zaidi kwenye samaki wenye mafuta, akanitajia vibua na jodari, akasema kiini cha yai na maini vinayo lakini kidogo. Vibua bwana! Samaki tunayemdharau kwa miba na harufu, tukimwona kwenye beseni tunapita tukitafuta changu. Sasa nikienda Feri asubuhi nanunua vibua kwa fungu, nachukua wenye macho maangavu na mashavu mekundu, nawapaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, nawachoma au nawapika mchuzi wa nazi mwepesi. Kukaanga kwenye mafuta ya kuchovya alinikataza, akaniambia mafuta mema ya samaki yanatoka, mabaya ya karai yanaingia. Dagaa nao akawasifia kwa kalsiamu maana unawala na mifupa yao, ila waoshe sana huo mchanga. Wapishi mtanielewa.

Kuhusu jua alikuwa na busara. Hakuniambia nivue baibui. Aliuliza nyumbani kuna uwa? Upo, una ukuta. Basi siku za Jumapili nikifua, nianike nguo mwenyewe kati ya saa nne na saa tisa, mikono na miguu ikiwa wazi, wakati kivuli changu ni kifupi kuliko mimi. Kivuli kikirefuka kunizidi, jua hilo halitengenezi tena cha maana, ni la kuotea tu. Nikampenda kwa hilo. Bure kabisa, na halihitaji risiti. Na kutembea: nishukie daladala kituo kimoja kabla, nimalizie kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Jioni hiyo njia ina upepo.

Kitu kimoja alichokisema kilipingana waziwazi na bango la waajiri wake. Nilimuuliza, "Mwanangu, hivi nikifanya yote haya sitaumwa tena mafua?" Akasema utaumwa. Utaumwa, lakini mwili usio na sukari ya kuzidi unapigana vizuri zaidi, na mara nyingi unapona bila kukuletea nimonia. Kisha akainama kidogo akasema na hiyo chupa ya dirishani si lazima. Hapo ndipo nilipomwongezea nyota ya pili.

Niseme na ambayo kifurushi hakikugusa, maana mtu akilipa laki na themanini kwa jina la virusi ana haki ya kuyajua. Mwaka 2019 mji huu uliumwa homa ya dengue mtaa kwa mtaa. Ile inaletwa na mbu wa mchana, na dawa yake ni kumwaga maji kwenye makopo na matairi, vitamini haina habari nayo. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalipita hapa Kariakoo nusu ya wauzaji wakavaa miwani ya jua ndani ya maduka yenye giza. Kilichokata ile ni kunawa na kutoshikana taulo. Hakuna karatasi ya kinga iliyonitajia sabuni. Hakuna iliyoniuliza kama nimechanjwa chochote, nayo chanjo ndiyo njia ya wazi ya kuufundisha mwili kukijua kirusi fulani kabla hakijafika. Nyungu na tangawizi tulizojifukiza enzi za korona sizidharau, zinafungua pua, mtu unalala. Kirusi hakijui kama umejifukiza.

Ukitaka kuona vitamini ikipigana na kirusi kweli, nenda kwenye surua na vitamini A. Hospitali ya Mvumi, Dodoma, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa, wengine wakapewa vitamini A kwa dozi kubwa. Waliopewa walikufa 6 kati ya 88, wasiopewa 12 kati ya 92. Ushahidi wa namna hiyo, wa hapa na kwingineko, ndio uliofanya Shirika la Afya Duniani liseme mtoto mwenye surua apewe vitamini A, na matone yanayogawiwa watoto wetu kila Juni na Desemba yanatoka ukoo huo huo. Lakini tazama: wale walikuwa watoto wagonjwa wodini, kwenye maeneo ambayo vitamini hiyo inakosekana kwenye chakula, na walipewa walichopungukiwa. Mimi napungukiwa mwendo na mboga. Chupa ya 65,000 haina hivyo.

Nilirudi baadaye kupima tena sukari ya miezi mitatu, kipimo hicho tu, 30,000. Imeshuka 5.8. Kiuno 92, nesi yule yule, futi mpya safari hii, nimempelekea mwenyewe kutoka dukani. Vitamini D sikuirudia, na binti wa mapokezi hakunisukuma, ila aliniuliza mara mbili.

Kwa anayetaka kwenda. Ukifika mapokezi usiseme kifurushi, sema unataka sukari ya miezi mitatu, mafuta ya damu na mtaalamu wa lishe. Inakuja 85,000, na presha na kiuno watakupimia bure ukiwaomba. Watakuambia haiwezekani, omba karatasi ya bei, iko chini ya kaunta upande wa kushoto. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye mifupa inayouma au kuvunjika bila sababu, mjamzito, au anayetumia dawa za kudumu, huyo vitamini D yake aijadili na daktari anayemtibu, asisikilize mtu wa vitambaa. Kwa ajili ya mafuta ya damu kituo hiki kinataka uende hujala, kwa hiyo fika kabla ya saa mbili asubuhi, na beba yai lako la kuchemsha kwenye mkoba, kwa sababu kantini ya pale inauza maandazi na soda peke yake.